Maua ya Bitana

Mimi sina mdomo wa kubembeleza. Marehemu mume wangu, Eizo, alikuwa akisema nikiwasalimia watu asubuhi wanadhani nimewafumania. Kwa hiyo msije mkanionea huruma kabla hamjasikia mpaka mwisho.

Nina binti mmoja, Chiaki, aliyeolewa Sagae, saa moja na nusu kwa treni kutoka hapa kwangu Yonezawa. Chiaki naye ana binti mmoja, Kotoha, aliyetimiza miaka saba mwezi wa tano. Mtoto wa kike akifika miaka saba, Novemba anavalishwa kimono, nywele zinafungwa juu, zinapambwa maua ya hariri, anapelekwa hekaluni kuwashukuru miungu kwamba amekua. Maua ya Chiaki niliyakunja mimi kwa vidole hivi. Ya Kotoha nilitaka niyakunje mimi pia, niende Sagae, nimchomeke nywelani kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nipande ngazi za hekalu nyuma yao. Hilo tu. Sikuomba dunia.

Ila sikutaka kujialika. Sherehe ni ya upande wa mume, mama wa mke anasubiri aitwe. Nikasubiri.

Hariri niliitoa kwenye koti la Eizo. Alikuwa na koti moja la kuvalia juu ya kimono, jeusi, halina hata mstari, watu wakimwona wanamdhani karani. Lakini ndani, lo! Bitana yake ilikuwa na rangi ya tunda la kaki lililoiva, kama chungwa, yenye korongo wanaoruka. Miaka arobaini na minne alilivaa, na aliyeijua bitana ile ni mimi niliyekuwa namtundikia. Mwaka wa msiba ulipokwisha, Septemba, nikalitandaza mezani nikalifumua. Nililia, sitaficha. Nililia huku nakata, na mkasi haukutetereka, maana hariri ikikatwa upogo imeharibika na Eizo hana nyingine.

Nilipata vipande mia moja na sitini, kila kimoja ukubwa wa stempu. Kazi yenyewe haitaki haraka. Unashika kipande kwa kibano, unakunja pembe kwa pembe, unakunja tena, unabana, unakichovya mguu kwenye gundi ya mchele uliyoipaka ubaoni, unakiacha kisimame. Hilo petali moja. La mviringo ni la ua la mplamu, lenye ncha ni la krisanthemi. Kidole kikiwa na jasho, hariri inanyauka. Ukipiga chafya, umejiponza. Mimi nilikuwa nikizima hata redio.

Jirani yangu Nobue alikuwa akija na bakuli lake la supu ya majimbi, anakaa bila kukaribishwa.

"Hee! Bado uko kwenye maua tu? Huyo mjukuu ataolewa kabla hujamaliza."

"Supu yako ina chumvi."

"Na wewe je? Wamekuita lakini?"

"Wataita."

"Kesho Novemba, Sadae."

"Kwani mimi sina kalenda?"

"Kalenda unayo. Simu ndiyo sijui kama unayo."

Nikamwambia ale anyamaze. Alikula, hakunyamaza, ndivyo alivyo.

Maua yalikuwa yamekamilika: krisanthemi moja kubwa, plamu mbili ndogo, na nyuzi tatu za petali za kuning'inia pembeni zicheze mtoto akitembea. Kilichobaki kilikuwa pini tu, na hapo ndipo nilipokwama. Nywele nene zilizofungwa zinashikwa na pini ya miguu miwili. Nywele nyepesi zinataka kibanio chenye meno, la sivyo ua litaanguka njiani watu wakanyage. Na lazima ujue mtoto anachana njia upande gani. Mimi sikujua. Mjukuu wangu wa pekee, na sikujua nywele zake zikoje! Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku ya arobaini na tisa ya msiba wa babu yake, zaidi ya mwaka. Mwaka Mpya hawakuja, tulikuwa msibani. Septemba, kwenye kumbukumbu ya mwaka, Chiaki na mumewe Munehiro walikuja peke yao, wakisema mtoto ana homa. Wakala, wakafukiza ubani, wakaondoka na treni ya saa tisa. Habari ya maua sikuitaja, nilitaka washtuke.

"Mpigie," Nobue akasema.

"Sipigi ng'o."

"Basi utie gundi umbandike kichwani."

Alipotoka nikapiga. Simu yangu ni ya kubofya, haina picha wala nini.

"Mama?" Chiaki akapokea, sauti juu. "Kuna nini? Umeanguka?"

"Nianguke, mimi embe? Nauliza kitu kidogo tu. Nywele za Kotoha ni nene au nyepesi?"

"Nywele? Za nini?"

"We nijibu."

"Ni nene. Lakini ni fupi, Mama, tulizikata. Anaogelea siku hizi, hazifiki hata masikioni."

Damu ikanipanda. "Umemkata nywele mtoto sasa hivi, na Novemba ndiyo hii? Chiaki, una akili timamu wewe? Hekaluni zitafungwa nini?"

Nikasikia maji yakimwagika jikoni kwake, kisha yakafungwa.

"Mama," akasema, polepole. "Tulishakwenda. Mwaka jana."

"Mwaka jana alikuwa na miaka sita."

"Kwa kina Munehiro wanahesabu kizamani. Mwaka wa tumboni nao ni mwaka. Kwao alikuwa wa saba."

Nikakaa chini. Hesabu hiyo naijua, mama yangu alihesabu hivyo hivyo. Siku hizi nilidhani imebaki makaburini.

"Na mimi?" nikauliza. "Mwaka jana mimi sikuwa na simu?"

"Mama, umesahau ulichosema?"

Sikuwa nimesahau. Siku ya arobaini na tisa, baada ya mtawa kumaliza sala, tulikaa kula. Shemeji yangu mmoja akaropoka kwamba Mwaka Mpya atakwenda hekaluni kama kawaida, siku hizi msiba ni siku hamsini, watu hawajibani tena. Nilipiga vijiti mezani chai ikamwagika. Kwetu mwenye msiba hapiti chini ya lango la hekalu. Nikasema mbele ya watu wote: "Msiba wa Eizo ni mwaka mzima! Mwenye damu yake atakayepita chini ya lango kabla ya hapo, asikanyage tena kwangu!" Nilijiona nimemtetea mume wangu. Na Chiaki alikuwa pale, ameshika birika.

"Nilikuwa nikuambie siku ile ile," Chiaki akaendelea. "Tarehe ilishapangwa, kimono cha mama mkwe kilishapunguzwa. Kuhani alisema siku hamsini zikipita hapana neno. Nilikuwa nasubiri nimalize kumimina chai. Ndipo ukasema vile. Ningekwambia nini tena?"

"Ungeniambia tu."

"Ungesemaje?"

Hapo alinipata. Najua ningesemaje. Ningesema thubutu, na ningesema na mengine.

"Nani alimtia maua?" nikauliza.

"Saluni. Walikuwa na ya kukodisha."

"Ya kitambaa gani?"

"Mama! Sijui. Plastiki, nadhani."

"Haya," nikasema, nikakata bila kuaga. Plastiki! Nilirudia neno hilo jikoni kama mara kumi, maana kulia kwa ajili ya plastiki kulikuwa afadhali kuliko kulia kwa ajili ya lile jingine.

Siku zilizofuata nilimaliza kazi. Msiniulize kwa nini, ilikuwa imebaki pini tu. Nikatia ya miguu miwili kwa kuwa aliniambia nywele ni nene. Nilipomaliza nilitaka kuona nyuzi zinavyocheza, na kwangu hakuna kichwa kingine ila hiki. Nikakaa mbele ya kioo nikajichomeka. Pini ikateleza. Nikachomeka tena, ikateleza, ua likaangukia mapajani. Nywele zangu zimebaki chache, hazishiki kitu. Nikaona aibu, nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameniona. Nani anione? Nyumba nzima niko peke yangu, hata saa ya ukutani imesimama tangu masika na sijaona wa kunipandia kiti.

Nobue nilimweleza yote. Alisikiliza huku anamenya kaki.

"Ulisema hivyo kweli? Mbele ya watu?"

"Nilisema."

"Mh."

"Mh nini?"

"Mh tu." Akanikatia kipande. "Mpe mtoto wa mwenye duka la tofu. Naye ana saba, ana nywele mpaka kiunoni."

"Huyo ana babu yake, tena mzima. Amkatie koti lake."

"Sadae, wewe ni mgumu jamani."

"Najua."

"Hujui," akasema, na siku hiyo aliondoka mapema. Mtu pekee anayekuja kwangu, na nilimwacha aondoke bila hata kumfungulia mlango.

Jumapili moja kabla ya saa sita mchana simu ikalia. Nilidhani ni wauza bima.

"Bibi? Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Kotoha. Mama yuko nje anaanika nguo. Amesema umenitengenezea maua."

"Kwani mimi nilimwambia?"

"Hukumwambia. Alisema Bibi akiuliza nywele ni maua. Halafu akalia, halafu akasema hajalia."

Sauti ya mtoto ilikuwa imebadilika, ina kamkwaruzo, meno mapya haya.

"Ni ya rangi gani?"

"Rangi ya kaki. Ni koti la babu yako, la ndani."

"La ndani? Babu alivaa la kaki?"

"Alivaa. Hakuna aliyejua."

Akacheka.

"Bibi, mbona hukuja mwaka jana?"

Ningeweza kusema sikuitwa. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini ningemsema mama yake kwake, na hata mimi nina mpaka.

"Nilikuwa na msiba wa babu," nikasema. "Mwenye msiba hapiti chini ya lango la hekalu."

"Najua. Mama aliniambia. Ndiyo maana nilikungoja nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya lango. Si hupiti chini? Nikadhani utakuja mpaka pale, usimame, unione, halafu urudi. Nikawaambia nyie tangulieni. Mama akaingia, Baba akabaki na mimi. Viatu vilikuwa vinaniuma, Bibi, vile vya mbao. Kila bibi akitokea kwenye kona nasema ndiye. Baba anasema siye."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Bibi?"

"Nipo. Ulingoja muda mrefu?"

"Mrefu. Mama akatoka kutuita mara mbili, kuhani anatusubiri. Baba akanipa pipi ndefu, zile za mfuko za sherehe. Moja nilikuwekea. Lakini hukuja, nikaila."

Saa moja na nusu kwa treni. Novemba ile njia ilikuwa wazi, theluji haijaanguka. Katika miiko yote niliyofundishwa na mama yangu, na ni mingi, hakuna hata mmoja unaomkataza mfiwa kusimama barabarani, nje ya lango, akamtazama mjukuu wake. Mtoto wa miaka sita aliliona hilo. Mimi sikuliona; ningeliona nisingetoa amri ile mezani, na Chiaki angeniita. Nilikuwa nimekaa hapa natunza heshima ya Eizo, na Eizo angenishika mkono akanipandisha treni.

"Kotoha," nikasema. "Bibi alikosea."

"Kukosea nini?"

"Kutokuja mpaka pale."

"Ah." Akafikiri kidogo. "Si kitu. Bibi, Baba anapiga honi, nachelewa kuogelea. Baadaye!"

"Ngoja kwanza, Kotoha..."

Simu ikakatika. Nikabaki nimesimama na aproni yangu, mtu mzima mzima, nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nimekuja," nikasema. "Niko hapa nje."