Chuma Kilichopozwa Haraka

Mzee Abeid ndiye aliyemfundisha Mustansir kushika tupa, Mustansir akiwa hajaanza hata shule, katika karakana ya baba yake pale Mafiga. Baba alipofariki karakana ikawa ya Mustansir, na Abeid akabaki fundi mkuu wa kuchonga kalibu, yaani maumbo ya chuma ya kumiminia plastiki.

Mwaka jana walipata kazi ya kalibu ya vifuniko vya ndoo. Visu vya mashine vikaanza kuvunjika. Mahali pamoja chuma kinachongeka vizuri, mbele kidogo kisu kinapiga kelele na kuacha mikwaruzo. Abeid akazima mashine.

"Tatizo si kisu. Chuma chenyewe hakiko sawa."

"Nimekilainisha mwenyewe tanuruni," Mustansir akasema, mafundi wote wakisikia. "Macho yako ndiyo yamechoka, mzee. Huoni unachokata."

 Abeid alinawa mikono, akaondoka, asirudi tena.

Fundi aliyeshika nafasi yake naye akavunja visu. Ndipo Mustansir akakata kipande cha kile chuma, akampelekea Ester, mtaalamu wa metali. Ester alikisugua hadi kikang'aa, akakipaka tindikali, akamwonyesha kwenye hadubini.

"Chuma hiki kikipoa taratibu, chembe ngumu zinakuwa vidonge vidogo ndani ya chuma laini, kisu kinapita. Katikati ni hivyo. Lakini huku pembeni, ona, kumejaa chembe ngumu kama sindano, ndizo zinazovunja kisu. Kilitolewa kikiwa bado cha moto?"

Mustansir alikumbuka. Mteja alikuwa anapiga simu kila saa, naye akafungua tanuru mapema.

Alikirudisha chuma tanuruni, akakiacha kipoe humo humo. Safari hii kisu kilipita bila kelele. Kazi ilipokwisha, akaenda Mikese, akamkuta Abeid anauza machungwa kando ya barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Mustansir akamweleza yote. "Kosa lilikuwa langu. Nisamehe, urudi kazini."

Abeid alimenya chungwa. "Nilishakusamehe. Ila maneno yako niliyaamini, mwanangu. Nilifika nyumbani nikajiambia kweli nimekwisha. Vifaa vyangu nimegawa vyote. Juzi jirani kaniletea ufunguo nimchongee, mkono ukasita."

"Utazoea tena."

"Hapana." Akampa lile chungwa. "Kalibu inafunga vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

Abeid alitabasamu kidogo. Basi likasimama, naye akajitwika beseni, akaharakisha kuwafuata abiria madirishani. Mustansir alibaki na chungwa mkononi, hawezi kulila.