Hana Mzio

Kazini walimwita Mkalimani, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuzifanya kompyuta za vituo vya afya zielewane na kompyuta ya hospitali kuu, ili mgonjwa akihamishwa, habari zake zimtangulie. Ukiisikia ni kazi nzuri. Ukiifanya, ni sawa na kusuluhisha wake wenza.

Vituo vilikuwa na tabia ya kuacha wazi nafasi ya mzio, ile inayoeleza dawa gani humdhuru mgonjwa. Ama hakuna aliyemuuliza, ama aliulizwa na jibu likaandikwa chini kabisa kwenye maelezo ya daktari, ambako kompyuta haisomi. Mfumo wa hospitali nao ulikuwa na maringo yake: ukikuta nafasi hiyo iko wazi, unairudisha faili nzima ilikotoka. Viwango walivyokubaliana wote viliruhusu majibu matatu: ana, hana, haijulikani. Waliojenga mfumo wa hospitali waliweka mawili tu, hilo la tatu wakaliona usumbufu.

Uzinduzi ulipokaribia na faili bado zinarudi, mkuu wake akaja juu.

"Wageni wanakuja kuona faili zikipita, sio zikirudi," alisema. "Fanya maarifa."

Akafanya maarifa. Aliandika mstari mmoja tu: nafasi ikiwa wazi, jaza "Hana mzio". Ni kwa muda, alijiambia, mpaka watu wa hospitali warekebishe upande wao. Faili zote zikapita. Wageni wakapiga makofi, mkuu akampa mkono, na kile cha muda kikahamia moja kwa moja. Mara mojamoja alikikumbuka akiwa anapiga mswaki, akasema kesho. Kesho ina mgongo mpana, hubebeshwa kila kitu.

Kisha Baba mkubwa akaugua. Huyu ni kaka wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kidonda cha mguu kilivimba, homa ikapanda, na kituo cha afya kikamhamishia hospitali kuu akiwa hajitambui. Mkalimani alipoingia wodini alimkuta Mama mkubwa amesimama kati ya kitanda na kitoroli cha dawa, kaitanua mikono kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uniamulie. Nawaambia penisilini haimtaki huyu, ilimvimbisha koo nusura tumzike. Wananijibu kompyuta inasema hana shida. Kwani kompyuta ndiyo mkewe?"

Nesi alikuwa na sindano mkononi na uchovu wa zamu nzima usoni. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, kusingekuwa na maandishi ningekusikiliza," alisema. "Ndugu wengi huchanganya majina ya dawa. Na daktari kasema tukichelewa, uchafu utasambaa kwenye damu. Hebu tazama mwenyewe."

Akawageuzia skrini. Mkalimani akayasoma maneno mawili: Hana mzio. Hakuna daktari aliyeyaandika. Aliyaandika yeye, kikombe cha chai pembeni, kwa ajili ya watu asiowajua.

Tusimpambe: wazo la kwanza lilikuwa kujiokoa. Angeweza kusema tu, msikilizeni mama, na yeye akabaki mwema kama alivyoingia. Lakini nesi alikwishainama, anautafuta mrija mkononi mwa mgonjwa.

"Usimchome!" alipiga kelele. "Hayo si ya kweli. Nimeyaandika mimi."

"Wewe ni daktari, dada?"

"Mimi ndiye ninayepitisha faili. Kituo kiliacha wazi, nikajaza 'hana'. Hakuna aliyemuuliza mzee wa watu."

Daktari akaitwa, dawa ikabadilishwa. Mama mkubwa akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, kamshika Mkalimani mkono. "Mungu akuweke, mwanangu. Usingekuja leo, ningekuwa mjane." Shukrani hiyo ilimuuma kuliko tusi.

Nesi hakushukuru. Alikuwa akikitazama kitanda cha jirani. Godoro lake lilikuwa tupu, limetoka kufutwa, bado halijakauka.

"Ulimjazia huyu peke yake?" aliuliza.

"Wote walioachwa wazi."

"Tangu lini?"

"Tangu uzinduzi."

Nesi akavuta kiti akakaa. "Hapo alilala mama mmoja. Tulimchoma dawa hiihii, akakata pumzi mikononi mwangu. Daktari akasema ni moyo. Binti yake alikuwa ameniambia, dada, mama kuna dawa zinamkataa. Nikamwonyesha skrini, nikamwambia asinifundishe kazi."

Mama mkubwa akauachia mkono wa Mkalimani, taratibu.

Mkalimani akampigia mkuu simu palepale. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Tunasimamisha faili sasa hivi," alisema. "Lakini huko usiseme na mtu, umesikia? Funika kombe mwanaharamu apite."

Mkalimani akakata simu. "Yuko wapi huyo binti?" alimuuliza nesi.

"Kwenye benchi hapo nje. Anangoja kibali cha kuchukua maiti. Mwambie wewe, mimi nimeshamwambia uongo mara moja."

Alikuwa binti mdogo, hajafika hata miaka ishirini kwa kumtazama, na macho yake yalikuwa yamevimba. Mfuko wa nguo za mama yake ulikuwa pembeni yake kwenye benchi. Alipomwona Mkalimani amesimama mbele yake, machozi yanamlengalenga, akauondoa ule mfuko na kusogea kumpisha.

"Kaa, dada," alisema. "Pole sana. Na wewe umefiwa na nani?"