Mteremko wa Kimya

"Utaua mama ya batu, Baba Yasmine! Utamuua!"

Aliposikia mpita njia akipiga kelele hivyo, Hadjara aliacha maandazi yaungue kwenye kikaango, akakimbilia barabarani. Mama Kavuo, jirani yao, alikuwa ameketi vumbini, kiwiko kinavuja damu, mihogo yake imetapakaa hadi mtaroni. Kando yake Kasimu, mume wa Hadjara na baba wa Yasmine, alikuwa anakagua taa ya pikipiki yake. Taa!

"Alikuwa katikati ya njia," Kasimu alisema. "Sasa mi nifanye namna gani?"

"Moteur ilikuwa inawaka?" Hadjara aliuliza, akiinyoshea injini kidole.

Kasimu akaendelea kuipangusa taa.

Mji wa Butembo ni vilima tu, na Kasimu alikuwa amejipatia ujanja wake. Akifika juu ya mteremko huzima injini, akaiacha pikipiki ijishushe yenyewe. "Kilima ni essence ya Mungu," huwaambia madereva wenzake wa pikipiki kituoni, na sasa kituo kizima kinamuiga. Ni kweli, essence yake, yaani mafuta, humtosha hadi jioni. Lakini wanawake wa huku hubeba mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, shingo imeinama, macho kwenye vidole vya miguu. Pikipiki huiona kwa masikio. Bwana huyu alikuwa ameyaziba masikio ya mama zake ili aokoe kikombe cha mafuta, na bado anajiita mjanja!

"Pole, Mama Kavuo," Kasimu alisema mwishowe.

"Nilisikia tu upepo, mutoto wangu," mama alijibu, akijifuta damu kwa kitenge. "Upepo, kisha niko chini."

Maneno hayo yalimchoma Hadjara kuliko ile damu. Alichomoa ufunguo wa pikipiki, akausokomeza kifuani. Aliokota mihogo, akaijaza kwenye gunia, akafunga mkanda.

"Inama," alimwambia mumewe.

"Hadjara, batu banaona. Hii ni muzigo ya bamama."

"Banaona, ndiyo! Na yeye bamemuona akianguka. Inama. Utaufikisha kwake, kule juu."

Watu waliokuwa wakisubiri maandazi walicheka. Kasimu aliinama. Mkanda ukamkaza paji la uso. Akajaribu kugeuza shingo, ikakataa. Akaanza kupanda, akitukana chini chini, akiona mawe na kandambili zake tu.

Katikati ya mteremko kitu kilimpita begani kwa kasi, kikamrushia kokoto miguuni. Hakukuwa na mngurumo wowote.

"Toka njiani, mama!"

Ilikuwa sauti ya Paulin, mwenzake wa kituoni, tayari iko chini kabisa.

Kasimu alitaka kumtukana, lakini hakuweza hata kugeuka. Alisimama palepale, jasho likimwingia machoni, akatega sikio kama kuna mwingine anakuja. Huko juu kulikuwa kimya.