Mshono wa Ubavuni

Daktari Edmund alipiga mstari kwa kalamu ya wino, kuanzia mgongoni chini ya mbavu hadi karibu na kitovu. Bi Anjelina, akiwa amelalia ubavu kwenye kitanda cha hospitali ya misheni, Masasi, alishangaa kuona njia ndefu kiasi hicho kwa kivimbe kisichozidi korosho moja.

"Kiko kwenye figo la kushoto, mama," daktari alisema. "Bado ni kidogo. Nitakitoa chenyewe, figo libaki."

Nyuma ya pazia mwanawe Benedikto alidakia. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua korosho Newala, naye akawa mmoja wao, hakuna jambo lililomshinda kwa maneno.

"Daktari, nasikia Nairobi wanatoboa vitundu tu, wanapitisha kamera. Mama asubiri msimu uishe, nimpeleke. Siku hizi ni soko huria, kila kitu kinapatikana."

"Ni kweli," daktari alijibu. "Vitundu haviumizi sana, na mtu anainuka mapema. Mimi vifaa hivyo sina, nina kisu. Kazi ya ndani ni ileile. Ila akisubiri, siwezi kuwaahidi kitu."

Bi Anjelina alifumba macho. Alikuwa amechoka, na si kwa ugonjwa peke yake. Alisubiri maji ya bomba hadi utosi ukaota kipara kwa ndoo za kutoka bondeni. Alisubiri bei ya korosho ipande, ikapanda, ikashuka. Leo asubiri tena, na adui yumo ubavuni?

Lakini kisu nacho kilimtia simanzi. Mstari wa daktari ulipita katikati ya nembo, zile chale za urembo alizochanjwa na bibi yake alipokuwa mwali. Watoto wake walipoanza shule waliambiwa mambo hayo ni ushamba, naye tangu hapo akawa anajifunga kanga hadi kwapani hata ndani ya nyumba yake. Hakujua kwamba bado anazipenda.

"Baba," alimwambia daktari kwa sauti ya chini, "nipasue tu. Ila ukishona, jitahidi hizi zikutane."

Daktari aliinama, akazitazama upya. "Nitajitahidi, mama."

Siku bandeji ilipofunguliwa, aliyekuwa naye ni bintiye, Scholastika. Bi Anjelina hakuweza kujigeuza ajitazame.

"Zimekutana?"

"Nyingi zimekutana. Mstari mmoja umepishana."

"Upi?"

Scholastika alisita, kisha akaweka kidole. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, na hakuwahi kuzigusa nembo za mama yake. Kidole kilikuwa cha baridi, wala hakukiondoa.

"Huo ni mkia wa mjusi." Bi Anjelina alitaka kucheka, mshono ukamkataza. "Mwache. Mjusi akikatika mkia anakwenda zake."

Binti alikisogeza kidole juu kidogo.

"Na hii ya juu yake, mama, ni nini?"

Bi Anjelina akaishusha kanga, taratibu, ili binti aone vizuri.