Chupa ya Maji ya Chabani

Siku tuliyomaliza matanga ya Byamungu, kule mtaani Mutakura, Jovithe alikuwa wa kwanza kupewa neno. Ndiye aliyekuwa prezida wa timu yetu, enzi za ile ligi ya basketi iliyokufa mpaka watu wakasahau nani alichukua kombe. Kitambi mbele, kipaza sauti mkononi. Akasema kijana alijaliwa kipaji, lakini pombe ikamshinda. Timu ilimvumilia, ikamshauri, mwisho ikabidi imfukuze. Watu wakatikisa vichwa. Carmen, binti wa marehemu, akainamisha uso. Wimbo huo ameimbiwa tangu utotoni: baba yako mlevi.

Damu ilinichemka. Wallahi, nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti nimpige nacho. Lakini kwetu mwenye neno hakatizwi, hata akitapika uongo. Nikameza Fanta yangu kama dawa ya minyoo, nikangoja zamu. Nilikuja kwa ajili ya Carmen, aondoke pale anajua kilichomuua baba yake.

Nyinyi mlimwona Byamungu akicheza? Hamkumwona, basi nyamazeni. Unamkaba kushoto, ukigeuka mpira umeshaingia, na yeye anakuuliza habari za nyumbani. Namba saba ni yule tu, na asije mtu kunibishia.

Kwenye nusu fainali goti lilimvimba kama papai. Daktari akasema asiguse mpira miezi mitatu. Jovithe akasema fainali ni Jumapili. Akatafuta kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, nyeupe kama maji, eti inaua maumivu. Byamungu akanywa, akacheza, tukashinda. Msimu uliofuata ikawa kila mechi, wakati wa mapumziko, mpaka goti likaharibika kabisa na kiu ikabaki. Ndipo bwana huyu akamfukuza kwa ulevi. Shenzi.

Zamu yangu ilipofika nikayasema yote hayo, neno kwa neno. Jovithe hakukana. Alifuta jasho, akaniuliza taratibu kutoka kwenye kiti chake:

"Basi maliza, Chabani. Nani alikuwa anamupelekea?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemchukia Jovithe kwa nguvu zangu zote, na chuki ile ilinisaidia sana kutokumbuka.

Carmen akainua uso. "Ni nani, papa Chabani?"

"Ni mi," nikasema. "Ilikuwa mu chupa yangu ya maji. Nani angenusa chupa ya Mwislamu?"

"Na goti, ulijua?"

"Nilijua. Mi pia nilitaka kombe."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikuja mbele ya watu wote, akachukua Fanta yangu iliyobaki nusu, akairudisha ndani. Kisha akaja kuchukua ya Jovithe.