Duka la Kando ya Uwanja wa Hoki

Miaka sita katikati ya mji wetu hapakuwa na duka la vyakula. Ukitaka kitunguu, upande basi mpaka ng'ambo ya mto. Mwishowe baraza la jiji likazinduka, likaajiri mtaalamu kutoka Toronto aje kutuambia duka lijengwe wapi. Aliitwa Bradley Fenwick. Alikuja na viatu vya ngozi laini, Januari, barafu imejaa njiani, hapa Saskatchewan, Kanada! Nilipoviona tu nikajua hamna kitu.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa uwanja wa hoki. Bradley akatundika ramani, akasema duka likae papo hapo uwanjani kwa kuwa magari mengi hupita.

Jirani yangu Doreen Wasylyk, mjane wa miaka sabini na nne, akanyanyuka. "Kwani magari yanakula, kijana?"

Watu wakaangua kicheko. Bradley akatabasamu kama anayebembeleza mtoto. "Mama, takwimu zinaonyesha..."

"Jengo letu lina wazee mia mbili, na gari hatuna. Umewahi kutembea kutoka hapa mpaka kwetu?"

"Dakika kumi na mbili tu."

"Hizo za kwenye ramani. Twende basi."

Mbele ya madiwani angekataaje? Doreen alikuwa ametoka kununua vitu ng'ambo, akamtwika mifuko yake miwili. Tukatoka sisi watatu, baridi inang'ata masikio. Kwenye njia panda ya pili mtaalamu akateleza, akakaa kitako, viazi vikatawanyika kwenye barafu. Akainuka, akaita teksi.

"Nina kikao kingine," akasema. Hata kiazi kimoja hakuokota.

Wiki iliyofuata madiwani wakapiga kura: tisa kwa wawili, duka lijengwe uwanjani. Hao tisa wote wanaishi vitongojini, gereji zao zimeungana na nyumba, wanaingia garini bila kutoka nje.

Duka likafunguliwa: maua, saladi za vikopo, jibini aina thelathini. Siku za mechi watu waliingia kuulizia choo. Siku nyingine wauzaji walipiga miayo. Baada ya miezi kumi na mmoja likafungwa, na baraza, bila haya, likamwajiri Bradley yuleyule achunguze kwa nini.

Ofisi yake ikampigia Doreen simu, eti atoe maoni.

"Alishayasikia," akajibu, akakata. Kisha akanigeukia: "Vaa koti, basi linatuacha."