Kila Kijiji Kakule Mmoja

Uliwaona. Usituambie hukuwaona. Ulikuwa pale chini, mbele ya duka la mabati, unanunua unité za simu, na wao walikuwa wameketi kwenye benchi ya bureau na utomvu wa kakao umekauka kwenye nguo zao. Ukageuza uso. Ukajifanya unachagua misumari, wewe ambaye huna hata mlango wa kupigilia. Basi kaa usikie, maana Kanyere hakugeuza uso, na yeye alikuwa na sababu zaidi ya kugeuza kuliko wewe.

Kanyere alikuwa mtunzaji wa hifadhidata ya chama cha familia za waliouawa, ghorofani juu ya duka hilo, Butembo. Asubuhi ile mvua ilikuwa imepita, ngazi zimejaa udongo mwekundu, na mashine ilikataa kumpokea. Kanyere ana desturi yake: ukikuta mlango umefungwa, usivunje kufuli, uliza kwanza kama mwenye nyumba ameamka. Mwenye nyumba hakuwa ameamka. Umeme wa jua ulikuwa umelegea, serveur, yaani mashine yenyewe, ikazimika, na ilipowaka tena haikuweza kuanza kazi kwa sababu diski ilikuwa imejaa kumbukumbu za makosa ya zamani. Akazifuta, akaiamsha. Ikafungua, ikadai neno la siri. Lililokuwa kwenye mipangilio lilikuwa la zamani. Akaweka jipya. Ndipo akauliza swali lililomleta kazini: nipe kila aitwaye Kakule aliyeuawa siku ile ya mapanga, katika kijiji kile cha mashamba ya kakao upande wa Beni.

Mashine ikajibu: mmoja.

Kanyere aliwajua wengi. Alikuwa ameketi na mama zao, akiandika huku wakilia. Na Jumamosi orodha ingesomwa Beni mbele ya wakubwa, kisha fundi Ananie angeandika majina kwenye ukuta wa sementi. Asiyekuwa kwenye hifadhidata hangekuwa ukutani, na mama yake hangekuwa na mahali pa kuweka maua, kwa sababu kule porini hata makaburi hayajulikani.

Alianza kwa kulishuku swali lake mwenyewe, kama fundi yeyote mwenye heshima. Labda jina liliandikwa na nafasi mwishoni. Akaondoa nafasi. Mmoja. Labda kuna herufi kubwa na ndogo. Akazisawazisha. Mmoja. Labda jedwali la watu na jedwali la vijiji yameunganishwa vibaya, na wasiokuwa na kijiji wanadondoka njiani. Akauliza bila kijiji. Bado mmoja kwa siku ile. Mwishowe akajaribu kumwingiza kwa mkono Kakule Lusenge, mzee aliyekuwa akiwasimulia watoto vichekesho kanisani, na mashine ikasema wazi ilichokuwa ikificha: jina hilo, kijiji hicho, tarehe hiyo, tayari yupo. Doublon. Imekataliwa.

Sheria hiyo iliwekwa siku ya kuisimika hifadhidata, huko mji mkuu: jina moja, mahali pamoja, siku moja, basi ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Kwa wengine labda ni busara. Lakini kwetu Wanande mtoto wa nne wa kiume ni Kakule. Hachaguliwi jina, tumbo la mama ndilo linalompa. Tuna akina Kakule kama milima ya Masereka ilivyo na viazi, na hakuna anayechanganyikiwa. Tunauliza tu, Kakule ya nani? Mbelgiji aliona tabu kuuliza, akatuita wote boy. Zaïre ikaja ikatunyang'anya majina ya ubatizo. Hatukusahau. Na sasa, wenye mapanga wakiingia kijijini asubuhi moja na kuua kila aliyemo, mashine inaangalia maiti na kusema: huyu nilishamwandika.

Saa ile ile moto, zile pikipiki za abiria, zikaanza kusimama mbele ya duka la mabati. Kila mfu aliyekataliwa na mashine alikuwa amerudishwa kutoka kwa wafu, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, alikuja bureau kudai. Michée, dereva wa moto wa njia ya Beni, ndiye aliyepanda kumwarifu Kanyere.

"Mama Kanyere, bageni yako bamefika. Banasikia baridi."

"Umebabeba bote weye?"

"Nimebeba batatu mara moja. Bafu habana kilo. Kilima ya Kabasha nimeipanda na vitesse ya ine, moto inaimba! Kama bateja bote bangekuwa vile, mupira ya pneu yangu ingekula miaka kumi."

Kanyere akashuka na makoti, kwa sababu watu wa Beni wamezoea joto, na Butembo haimhurumii mtu eti kwa kuwa amekufa. Mwenye duka akawasogezea benchi ya pili. Wanawake waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi waliwasalimu kwa Kinande na kuendelea na safari. Akina Kakule walikuwa wakitaniana.

"Weye ulikufa juu ya kurudilia kofia," mmoja alimwambia mwenzake.

"Na weye juu ya kuniita nirudi!"

Mzee Lusenge alicheka hadi koti likamdondoka begani.

Pembeni yao, amesimama, alikuwa Kakule Mathe. Kanyere alimtambua kwa mgongo. Alikuwa kaka yake.

"Yaya, kaka yangu," Kanyere alisema. "Weye haukukataliwa. Weye njo ule mumoja. Nilikuandika wa kwanza, na mikono yangu."

"Najua, mudogo wangu."

"Donc unatafuta nini huku? Jumamosi batasoma jina yako. Mama Kasika ameisha kutayarisha maua."

"Mule ndani pananibana," alisema Kakule Mathe. "Kila mama analia kwa Kakule wake, kilio inanifikia miye. Mama ya Lusenge iko nani? Simujue. Mais ananiita mutoto wake kila siku. Nitoe, Kanyere."

"Nikutoe, niweke nani?"

Swali hilo liliwafikia wa kwenye benchi, na vicheko vikakatika. Nafasi ilikuwa moja. Kanyere alikuwa na ruhusa ya kufuta na ya kuingiza. Sheria yenyewe hakuweza kuigusa. Angeweza kumfuta kaka yake na kumwandika mwingine yeyote kati yao, hapo hapo, kabla chai haijapoa. Akawatazama. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee Lusenge akaliokota koti lake, akalivaa vizuri, akafunga vifungo vyote.

"Siye hatukuje kuomba kiti ya mutoto ya mwenyewe," alisema. "Tumekuja bote, tutaingia bote. Siye hapana doublon."

Kanyere akapanda juu, akampigia Benoît, aliyeisimika hifadhidata. Benoît ni mtu wa Lubumbashi, mpole, hajawahi kumfokea mtu kwenye simu.

"Mama, ile index, ile sheria ya doublon, iko muzuri," alisema. "Inalinda base. Kama naitosha, naiondoa, batu bataandika mutu mara mbili, mara tatu."

"Benoît, banakaa hapa kwa benchi. Natosha mumoja, nabakia na wengine. Ni batu."

"Naelewa, mama. Bapatie pole. Mais kubadilisha inaomba signature ya chef, mukubwa wetu, na chef iko mu mission, safari ya kazi."

"Anarudi siku gani?"

"Chef? Akirudi."

Sasa angalia alichofanya, ndugu msomaji, uone fahari ya watu wetu. Hakulia, hakutupa simu. Alisimika hifadhidata nyingine kwenye ordinateur, kompyuta yake mwenyewe, tupu. Akaanza kujenga jedwali la watu, na pale ambapo Benoît aliweka jina peke yake, yeye akaongeza safu ya mama. Kisha akawaita kutoka kwenye benchi, mmoja mmoja.

"Kakule ya nani?"

"Ya Kahongya."

"Kakule ya nani?"

"Ya Kasonia, wa pale karibu na chapelle."

Walipanda ngazi wima, kama watu wanaoenda kupokea komunyo. Kila aliyetaja mama yake alisimama kidogo mbele ya kioo, akaona mstari wake ukikubaliwa, akasema wasingya, asante, akashuka. Wa mwisho alikuwa kaka yake.

"Kakule ya nani?" Kanyere aliuliza, ingawa walinyonya ziwa moja.

"Ya Kasika," alijibu, na kifua kikamtanuka kama cha bwana harusi.

Kanyere akauliza swali lile la asubuhi. Wakaja wote. Walijaza kioo, na ilibidi ashuke chini, ashuke tena, kuwafikia wa mwisho.

Jumamosi aliipeleka orodha hiyo Beni. Afisa wa orodha alimpokea vizuri, akampa kiti, akamweleza kwamba kazi yake ni safi ila inayotambuliwa ni ile iliyosimikwa na watu wa mji mkuu. Kisha akapanda jukwaani. Akina Kakule walikuwa wamesimama juani nyuma ya mama zao, na makoti ya Butembo mikononi. Afisa akafika kijiji kile.

"Kakule."

"Présent!"

Walijibu kwa pamoja. Mabati ya soko yakatikisika, njiwa wakaruka kutoka kambi ya jeshi, na askari mmoja akapiga saluti bila kujua anampigia nani. Kila mama aligeuka na kuikuta sauti ya wake ndani ya ile sauti, akanyoosha shingo kwa majivuno. Afisa alingoja kelele iishe.

"Aksanti," alisema. "Mumoja." Akaweka alama, akaendelea na kijiji kinachofuata.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Index ipo pale pale. Chef hajarudi. Akina Kakule wamerudi Butembo, wanakaa benchi, na watu wamezoea kuwapisha asubuhi wakifungua maduka. Ananie amemwaga sementi ya ukuta, akaandika Kakule mmoja kama alivyoagizwa, akaacha nafasi ndefu chini yake. Kila asubuhi huilowesha kwa maji. Wakimuuliza mbona haikauki, anasema sementi ya siku hizi ni mbaya. Lakini maji hayawezi kuizuia daima.

Kwa hiyo ondoka hapo ulipo. Nenda bureau ya chef, Kinshasa au popote alipo, wewe mwenye nauli, wewe mwenye nambari yake kwenye simu, wewe uliyesoma naye. Mtajie mama mmoja mmoja: Kahongya, Kasonia, Kasika. Usikubali kiti, usikubali chai, usitoke bila signature. Fanya leo, sementi ingali mbichi.